Mwenye Nguvu Mng'oe

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na kwa maneno hayo wanyonge wengi wamesukumwa kando ya njia. Katika nyumba ya kioo ya Igolwa, juu kabisa ambako milima ya Makete inashikana na mawingu, methali hiyo ilipinduliwa miguu juu. Sekela Tweve aliiandika mlangoni kwa mkaa, herufi kubwa kama viganja: MWENYE NGUVU MNG'OE.

Aliiandika siku moja baada ya kuhitajika.

Siku yenyewe ilikuwa ya Juni. Sekela alirudi na lori kutoka mjini, alikokaa siku nne akisubiri karatasi za kupimia dawa. Alisukuma mlango, joto likamkumbatia usoni, na jambo la kwanza aliloliona ni usafi. Viriba elfu tatu vya miche vilikuwa vimepangwa kwa mstari kama wanafunzi wa bweni, na katika kila kiriba kilichoonekana kutoka mlangoni ulisimama mche mmoja. Mmoja tu, mnene, wenye majani mapana yaliyong'aa kama yamepakwa mafuta.

"Kamwene, mwanangu!" Mama Enesi alijitokeza kati ya safu, viwiko vimejaa udongo. Nyuma yake walikuwepo wagonjwa kumi na wawili, wamechoka, wanatabasamu. "Tumekupunguzia kazi. Ulivyoiacha miche yako, mitatu mitatu kwenye kiriba kimoja, ingekabana yote. Tumebakiza ile yenye afya."

Sekela aliweka mfuko chini. "Mingine iko wapi?"

"Ile iliyodumaa? Kwenye shimo la mboji."

Mama Enesi alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika vitalu vya misonobari kule Njombe. Huko sheria ni moja, na mwenye kuivunja hapewi kitalu tena: kiriba kimoja, mche mmoja, na uwe ule wenye nguvu. Mikono yake iliijua sheria hiyo kuliko Baba Yetu.

Lakini mbegu ya mndimu si mbegu ya msonobari. Ukifukia punje moja, huchipuka miche miwili, mitatu, hata minne. Ile minene na yenye haraka ni nakala tupu ya mama. Chavua haikuigusa, baba haimjui. Mmoja tu, na mara nyingi ni ule uliojikunja ubavuni mwa wenzake kama unaomba msamaha kwa kuzaliwa, ndio mtoto wa kweli wa mama na baba. Na baba, mchungwa wa miiba kutoka nchi za theluji, ana matunda machungu kama nyongo, lakini mti wake unasimama kwenye sakitu, ile baridi inayogandisha umande juu ya majani, bila kutikisika. Alama yake haifichiki: jani lake limegawanyika vidole vitatu. Mwaka mzima Sekela alikuwa amehamisha chavua kwa brashi, ua kwa ua, ili awapate watoto wa jani la vidole vitatu. Sasa walikuwa kwenye mboji, juu ya maganda ya viazi.

Alitoka mbio, akapiga magoti shimoni, akaanza kufukua kwa vidole. Mdogo wake, Lusajo, alimfuata akichechemea, akainama naye bila kuuliza.

Mpaka jua linazama walikuwa wameokoa hamsini na mmoja, mizizi imekatika nusu. Safu ya mwisho, nyuma ya pipa la maji, wapunguzaji hawakuwa wameifikia. Humo walipata sitini na saba. Jumla, miche mia moja na kumi na minane.

Mama Enesi alielezwa. Alisikiliza, akatazama mikono yake, kisha akapiga magoti palepale kwenye matope, mwanamke wa miaka sitini na tatu. "Nimekosa, mwanangu. Naomba radhi. Mbele ya hawa wote, naomba radhi."

"Inuka, mama," Lusajo alisema, maana dada yake alikuwa bado ameinamia miche. "Ukiendelea kupiga magoti hapo, huyu atakufunika na mboji akidhani wewe ni mbegu."

Watu walicheka kidogo, kama wanaocheka msibani.

*

Ilifaa mtu akumbuke walivyofika huko.

Kabla Sekela hajazaliwa, wataalamu walitia ndani ya mndimu chembe ya urithi iliyoufanya utengeneze dawa ya selimundu. Kijiko kimoja cha maji ya ndimu hiyo kwa siku, na chembe za damu za mgonjwa hazikujikunja kuwa mundu, hazikuziba mishipa, hazikumtafuna mtu mifupani. Kila zahanati ikapanda mindimu yake. Viwanda vya vidonge vikafungwa kimoja baada ya kingine, kwani nani atahangaika na kidonge ilhali dawa inaning'inia nyuma ya choo cha zahanati? Watoto waliotarajiwa kufa wakiwa na miaka mitano walioa, walizeeka, waligombana na wakwe.

Kisha akaja kibinuko. Mdudu mdogo kama punje ya ufuta, anayeketi kwenye jani kichwa chini na matako juu, ndipo alipopatia jina. Kila anapofyonza huacha ugonjwa wa manjano ndani ya mti. Mti ulioguswa huzaa matunda yaliyopinda, kisha machache, kisha unakufa, na hakuna sumu ambayo kibinuko hajaizoea. Kwa miaka minne mashamba yote ya nchi za chini yalinyauka. Makaburi ya watoto yakarudi.

Kitu kimoja tu kibinuko hakukistahimili: baridi. Lakini hata mndimu haukuistahimili. Ndiyo maana serikali ilijenga nyumba ya kioo huku juu, ikawasha mtambo wa joto kwa umeme wa maporomoko, ikapanda ndani yake miti tisa. Kando yake ilijenga wodi ya wagonjwa arobaini na mmoja waliopatikana kwa bahati nasibu, Lusajo akiwa wa thelathini na nane. Baridi ni adui wa selimundu pia. Kwa hiyo kila asubuhi wagonjwa walitoka wodini wamejifunga mablanketi, wakaingia kwenye nyumba ya kioo kuota joto chini ya miti iliyowalisha.

Na nchi za chini? Huko walisubiri. Walisubiri mndimu unaozaa dawa na unaoishi kwenye baridi, upandwe milimani kote ambako kibinuko hapandi. Barua zao zilikuja na lori kila Jumatano. Sekela aliacha kuzisoma, kwa sababu waliandika majina ya watoto.

*

Wiki ya pili ya Julai, Sekela alimwona kibinuko kwenye mti wa nne.

Alimwita Dokta Mbilinyi, aliyekuwa mganga wa wodi na msimamizi wa kila kitu ambacho hakikuwa mti. Wakainamia jani pamoja, wamebana pumzi.

"Labda ni chawa wa kawaida," Dokta alisema.

"Ameinua matako, Dokta."

"Ah." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kana kwamba mdudu angekuwa ameondoka. "Tuna muda gani?"

"Miti itazaa msimu mmoja mzuri na mmoja mbaya. Baadaye basi. Na mayai yapo tayari kwenye ncha za miche yangu, nimeyaona. Nikiihamishia wodini nitakuwa nimemhamisha mdudu."

"Nje je?"

"Nje ni nyuzi nane chini ya sifuri alfajiri. Mche uliolelewa kwenye joto ukiutoa siku moja, unakufa kabla hujafunga mlango. Lazima ushushwe taratibu, digrii moja kila siku, mpaka ujifunze. Mtambo wa kufanya hivyo tunao mmoja, na nyumba ni moja."

Dokta alitazama juu, kwenye matawi ya mama wale tisa, yaliyojaa ndimu. Alielewa. Nyumba ikipozwa, kibinuko atakufa na mayai yake, na miche itakayobaki hai itakuwa ile iliyotafutwa. Lakini mama watakufa wote.

"Wakamuliwe kabla," Sekela alisema. "Nimepiga hesabu. Maji ya ndimu yote yaliyopo, tukiyagandisha, yanawatosha miezi kumi na moja."

"Na mche wa mbegu huzaa baada ya muda gani?"

"Miaka sita. Pengine mitano."

Dokta aligeuka kutazama wodi, ilimolala watu arobaini na mmoja.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya ibada. Sekela alieleza yote, hakupunguza neno. Misimu miwili ya dawa kwa hawa, kisha hakuna dawa kwa yeyote, milele. Au miezi kumi na moja kwa hawa, kisha miaka mitano ya njaa ya dawa, kisha pengine, pengine tu, miti kwa nchi nzima. Mia moja na kumi na minane si mingi. Inaweza kufa yote.

"Kwa hiyo unatuomba tufe kwa ajili ya pengine," alisema Enesi, binti wa Mama Enesi, msichana wa miaka kumi na tisa, naye mgonjwa wa wodi.

"Ndiyo," Sekela alijibu. Hakulijua jibu lingine la kweli.

Mikono iliyonyooshwa kutaka joto libaki ilikuwa thelathini na tisa. Lusajo alinyoosha wake juu kuliko wote, akimtazama dada yake machoni.

*

Jumatatu asubuhi Sekela aliingia chumba cha mtambo, akashika kitufe cha kuzungusha, akakishusha kutoka ishirini hadi kumi na tisa.

Jumanne, kumi na nane.

Alhamisi wagonjwa walikuwa wameketi chini ya miti kama kawaida, wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Lusajo alisimama katikati ya mchezo aliokuwa anashinda, akamfuata dada yake kwenye pipa la maji.

"Umeshusha," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Goti la kulia. Hili halidanganyi, limesoma kuliko wewe." Hakuwa anacheka. "Digrii ngapi?"

"Nne."

"Tulipiga kura, dada."

"Najua."

"Mimi nilipiga kura."

"Nilikuona, Lusajo. Ulitaka kunyoosha na mguu."

Lusajo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu mama yao afariki Sekela ndiye aliyemkanda mifupa, akamkamulia ndimu, akamfundisha kutambua chembe ya urithi kabla hajajua kupika ugali. Sasa alimtazama dada yake kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha ya kwao na bado haielewi.

"Ningeweza kwenda kuwaambia sasa hivi," alisema.

"Nenda."

Hakwenda kama Sekela alivyodhani. Alirudi kwenye duara la drafti, akapiga makofi. "Haya, wazee, tokeni! Mtaalamu wetu anapuliza sumu ya wadudu. Wiki tatu hakuna kuingia. Atakayebisha atapulizwa yeye, na sitamwogesha."

Walitoka wakinung'unika, wamekusanya vifuniko vyao. Hakuna aliyeona ajabu. Mdudu si kaonekana? Mama Enesi hata alimshukuru Sekela kwa kutii kikao.

"Sikufanya kwa ajili yako," Lusajo alimwambia baadaye. "Nimewatoa ili wasiumie humo ndani. Usinichanganye na wewe."

Hata hivyo alirudi kila siku. Alikamua ndimu mpaka vidole vikachubuka, akajaza madumu, akayapanga kwenye kibanda cha kaskazini ambako maji huganda yenyewe. Sekela alimwambia akae wodini. Alimjibu kwamba yeye ni mtu mzima na ana haki ya kuchagua baridi yake. Kumi na mbili. Tisa. Tano. Midomo yake ikawa ya kijivu, na akaanza kushuka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, akitania kwamba amerudi utotoni.

Siku walipofika sifuri, hakuja. Dokta Mbilinyi alituma ujumbe: maumivu yamempanda kifuani, yuko kwenye oksijeni.

Sekela alisimama mbele ya kitufe. Vidole vyake vilikuwa kwenye namba. Ishirini ilikuwa pale, upande wa kulia, mzunguko mmoja tu wa kifundo cha mkono. Miche ilikuwa haijajaribiwa bado. Sifuri haiui mwenye damu ya baba. Angeweza kurudisha joto, akaenda wodini, akasema miti imenusurika.

Alishusha hadi moja chini ya sifuri. Kisha akaenda wodini.

*

Nyumba yenye joto huvaa ukungu. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuona ndani ya nyumba ya kioo kutokea njiani. Vioo vilikuwa vyeupe kwa mvuke. Lakini ndani kukiwa na baridi kama nje, mvuke hukoma. Hilo Sekela alilijua kitabuni na akalisahau maishani.

Asubuhi ya nyuzi sita chini ya sifuri, jua lilipoyeyusha sakitu, vioo vilikuwa safi kama maji. Enesi alikuwa akipita na ndoo. Aliona miti tisa myeusi, majani yananing'inia kama matambara yaliyoungua, na kelele yake ilisikika mpaka jikoni.

Walikuja wote wanaoweza kutembea. Hawakumgusa Sekela. Walisimama mlangoni, chini ya maneno ya mkaa, wakaitazama miti. Mzee mmoja alivua kofia.

Sekela alikuwa magotini kati ya viriba, akihesabu. Miche ya jani moja, ile elfu tatu yenye nguvu, ilikuwa imelala yote kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Ya vidole vitatu, mingi nayo ilikuwa imelala. Aligusa shina kwa shina. Lililolegea aliliacha. Lililokaza alilifunga uzi mwekundu.

Nyuzi nyekundu zilikuwa saba.

Alichuma kijidole kimoja cha jani kutoka kila mche, akakisaga juu ya karatasi zile alizozifuata mjini siku ya balaa la kwanza. Si kila mtoto huirithi dawa ya mama; ikiwemo, karatasi huwa ya buluu. Nne zilibaki nyeupe. Tatu zikawa buluu.

"Mitatu," alisema kwa sauti, bila kugeuka.

"Mitatu nini?" Mama Enesi aliuliza nyuma yake.

"Ndiyo hiyo tu, mama."

*

Lusajo alikuwa hai. Aliongea kwa pumzi fupifupi, maneno mawili mawili.

"Nasikia kikao jioni hii."

"Ndiyo."

"Watakuambia uombe radhi."

"Mama Enesi kanidokeza. Nikiomba radhi nitabaki na miche. Nikikataa, naondoka na lori Jumatano." Alimfunika miguu. "Nitaomba, Lusajo. Neno moja tu. Ile miche mitatu inanihitaji, na wewe..."

"Usinitie mimi." Alisukuma kifuniko cha oksijeni pembeni. "Sikiliza, dada. Sijakusamehe. Huenda sitakusamehe. Miezi kumi na moja, halafu nitakufa vibaya, na unajua. Lakini ukisema radhi..." Alisubiri pumzi. "Mtu anaomba radhi kwa kosa. Mama Enesi alikosea, akaomba. Ukiomba na wewe, maana yake hukuwa na hakika. Maana yake kifua hiki kinauma kwa bahati mbaya."

Sekela alikunja ukingo wa blanketi.

"Ulikuwa na hakika?"

"Ndiyo."

"Basi nenda ukakae nayo." Akarudisha kifuniko, akageukia ukuta.

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula. Walioweza kukaa walikaa. Wengine waliletwa na vitanda vyao. Mama Enesi aliketi mbele, binti yake ameegemea bega lake.

"Hatukuleta viboko," alianza. "Hatuna polisi huku. Tulikupa neno letu kwa mikono iliyonyooshwa, ukalikanyaga. Ulituibia mwaka mmoja wa maisha, pengine zaidi. Mimi nilipokosea nilipiga magoti kwenye matope, mbele ya watoto wadogo kuliko wangu. Sikufa. Sasa ni zamu yako. Omba radhi, ubaki na miche yako. Hatutaki kingine."

Sekela alisimama. Mikononi alikuwa na kisanduku, na ndani yake viriba vitatu vyenye uzi mwekundu. Alivuka ukumbi, akakiweka mapajani mwa Mama Enesi.

"Mwagilia saa sita mchana, si asubuhi, maji yasigande kwenye mizizi," alisema. "Usiweke mbolea mpaka Oktoba. Miiba itatoka mirefu; usiikate. Usirudishe joto juu ya tano, hata mkiona huruma. Na usipunguze chochote, mama. Hata ukiona mmoja umedumaa, usiuguse."

Mama Enesi alikishika kisanduku kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea kichanga cha mtu mwingine. Mikono yake ilijua la kufanya kabla yeye mwenyewe hajaamua. Kidole gumba kilikuwa tayari kinashindilia udongo pembeni mwa shina.

"Nimesikia," alisema polepole. "Na radhi?"

Enesi aliinua uso. Kutoka wodini, nyuma ya ukuta wa mbao, mtu alikohoa, akanyamaza, kama anayesikiliza.

"Mtakufa baadhi yenu kwa sababu yangu," Sekela alisema. "Mdogo wangu pia. Kitufe kikiwekwa mbele yangu kesho, nitakishusha tena.

"Siombi radhi."